Siku Kasika Aliposema Mashini Imekufa

Pale Masisi-centre, ukitaka kumvunjia Kasika heshima, mwite Kasika. Jina lake la mtaani lilikuwa Ingénieur, yaani injinia, na alilivaa kila siku pamoja na shati lililopigwa pasi, hata zile wiki ambazo watu walilala na mabegi yao mlangoni kwa kuogopa risasi. Alikuwa na miaka ishirini na tisa. Diploma yake ya informatique, elimu ya kompyuta, aliyoichukua Butembo, ilitundikwa ndani ya plastiki juu ya mashine ya fotokopi, na mteja aliyekuja kupiga kopi ya kadi ya uchaguzi alikuwa na muda wa kutosha wa kuisoma yote, maana Ingénieur hakuwa mwepesi wa kuinuka kitini.

Kibanda chake kilikuwa ubavuni mwa duka la mama yake, Mama Kahambu. Watu wa kwetu huita mahali kama pale sekretaria. Unachapisha barua kwa mashini, ndivyo tuitavyo kompyuta, unapiga fotokopi, unaacha telefone yako ipate moto, yaani umeme, wa sola kisha unaifuata jioni. Barua za kuomba kazi za vijana wa Masisi karibu zote zilitoka mikononi mwa Kasika. Alijua namna ya kumsalimu mkurugenzi na namna ya kumuaga, na alijua mihuri gani ipigwe na wapi. Chini ya kila ukurasa aliweka mstari mdogo: Imechapwa kwa Ingénieur Kasika, Masisi. Mtu akilalamika, "Ingénieur, jina yako inatafuta nini mu barua yangu?" alijibu kwamba hiyo ni publicité, yaani tangazo la biashara, na asiyetaka publicité aende akaandike kwa mkono.

Waliochapishiwa pale walipata kazi. Mmoja aliajiriwa kugawa unga kambini, mwingine kuhesabu chanjo, mwingine kulinda bohari. Yeye mwenyewe alikuwa ametuma dosie za kuomba kazi hamsini na kitu na hakuitwa popote. Mganga hajigangi.

Kazi aliyoitaka ilikuwa moja tu, kutengeneza sura ya tovuti, yaani ile sehemu ambayo jicho la mtu linaiona na kidole kinaigusa. Alijifunza HTML, akajifunza CSS, akaingia JavaScript ambayo ilimtoa jasho. Alikusanya vyeti vya mafunzo ya mtandaoni kama mama yake alivyokusanya rozari, akavichapa kwa rangi na kuvipiga muhuri wa manispaa. Hakuna aliyeomba muhuri huo. Lakini kwetu karatasi isiyo na muhuri huonekana imevaa nguo za ndani tu, na Kasika alikuwa mtu wa kwetu.

Baba yake, Papa Albert, alikuwa Walikale. Barabara ya Sake ilipofungwa na vita, mzee yule alipakia chumvi na sabuni kwenye pikipiki mbili, akapitia Nyabiondo, akafungua duka upya huko kama wafanyavyo watu wa Butembo popote wanapotupwa. Mwezi wa kwanza wa 2024 alipiga simu akasema maneno yake kwa kifupi.

"Kasika, nilikulipia masomo, sijutie. Lakini Pasaka ikifika na haujapata kazi, unakuja Walikale kuuza mafuta ya ngazi na miye. Ile mashini utauzia mapadri."

Basi mambo yalikuwa hivyo. Kazi kabla ya Pasaka, la sivyo Ingénieur angeenda kupima mafuta ya mawese kwa chupa na jina lake lingebaki Masisi.

Sasa tumtaje Natacha, kwa kuwa bila yeye hakuna kisa.

Natacha alifika mwanzoni mwa 2023 kutoka Kirolirwe, akikimbia vita. Alikuwa na mama yake, Libérata, na ng'ombe mmoja aliyesalia kati ya zizi zima. Walipata chumba kwa jamaa yao kule Kingi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, na shule aliiacha darasa moja kabla ya mtihani wa serikali, vita vilipoifunga. Kila asubuhi alishuka na bidoni, yaani dumu, ya maziwa, akamwachia Mama Kahambu ayauze, kisha akaingia kwa Kasika kuchomeka telefone yake yenye kioo kilichopasuka kutoka kona hadi kona. Kingi hakukuwa na moto. Wakati telefone inajaa, yeye alisimama nyuma ya kiti cha Ingénieur na kutazama.

Siku moja akauliza, "Kaka, ile maneno ilienda katikati namna gani?"

Kasika alifurahi. Hakuna kitu kinachomfurahisha mwenye diploma kama swali la asiye na diploma. Akamweleza, akamwonyesha, akamruhusu aandike mstari wake wa kwanza, na jina Natacha likatokea kwenye kioo kwa rangi ya kijani. Msichana alicheka hadi Mama Kahambu akaja kuchungulia. Tangu siku hiyo alipewa saa mbili za mashini kila alasiri, bure. Kasika alimwambia kila mteja, "Huyu njo mwanafunzi wangu," na wateja wakasema Ingénieur ana moyo mzuri. Alikuwa nao kweli wakati ule. Moyo mzuri hauna gharama pale unayemsaidia akiwa chini yako.

Shida ni kwamba Natacha hakukaa chini. Alipakua programu ndogo ya kuandikia msimbo kwenye telefone yake iliyopasuka, akawa anaandika njiani, anaandika akichunga, anaandika mvua ikinyesha akiwa chini ya paa la duka. Mwisho wa mwaka alikuwa anauliza maswali ambayo Kasika alilazimika kuyajibu kesho yake, baada ya kwenda kuyasoma.

Halafu ikatokea ile habari ya alama iliyokosekana. Kasika alikuwa anatengeneza ukurasa wa parokia na menyu yake ikakataa kufunguka. Alitafuta kosa siku mbili. Alilaumu rezo, yaani mtandao, akalaumu sola, akalaumu mashini. Natacha aliinama juu ya bega lake akiwa bado ameshika bidoni.

"Kaka, angalia mustari wa makumi ine na mbili. Haukuifunga."

Ilikuwa kweli. Menyu ikafunguka. Mama Kahambu, aliyekuwa anapima maharagwe mlangoni, akasema bila nia mbaya yoyote, "Natacha iko na macho, kweli."

Hebu tuseme jambo lilivyo. Kasika aliingiwa na wivu. Wako watakaosema ulikuwa uchovu wa vita. Vita vilituchosha wote, lakini si wote tuliokunja uso msichana alipopita na maziwa. Ulikuwa wivu kamili, ule wa kumkaba mtu koo wakati wa kula. Akaanza kusikia vitu ambavyo zamani hakuvisikia. Mteja akiuliza, "Natacha iko?" alisikia tusi. Mama yake akimwekea msichana kipande cha mhogo, alikihesabu. Usiku alifungua kurasa alizotengeneza Natacha kutafuta ubaya wake, akaona hazina picha kubwa wala mapambo, na hilo likampa usingizi.

"Juu ya nini kurasa zako ziko uchi hivi?" alimuuliza siku moja. "Angalia duka ya Papa yangu. Kila kitu inatundikwa mulangoni, sufuria, viatu, parapluie ya mvua. Muntu anapita, anaona uko na mali."

Natacha alifikiri kidogo. "Kwetu mugeni akifika, haumuulize habari. Unamupa maziwa kwanza. Akisha kukunywa njo mutasemezana. Na muntu wa ukurasa iko na kitu alikuja kutafuta. Miye namupa ile kwanza, picha zitafuata."

"Ile ni mambo ya ng'ombe," Kasika akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Mwezi wa pili ukapita, wa tatu ukaingia, na tangazo likazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Kampuni ndogo ya Goma iitwayo Dirisha ilitafuta mtengenezaji mmoja wa sura za tovuti. Angefanya kazi akiwa popote penye rezo, na mshahara ungefika kila mwezi kwenye telefone. Kasika alilisoma mara nne. Pasaka ilikuwa mwisho wa mwezi ule ule.

Alituma dosie yenye kurasa ishirini na tatu, vyeti vyote, mihuri yote. Alipoulizwa na Natacha kama na yeye anaweza kuomba, alimtazama akamwona bila diploma, bila cheti, bila mashini, akamhurumia. Ndiyo, alimhurumia. Akamchapia barua kwa mkono wake, nusu ukurasa, bure, na chini kabisa akaacha ule mstari wake mdogo wa publicité kama kawaida. Katika barua Natacha aliomba iandikwe kwamba amefundishwa na Ingénieur Kasika. Kasika aliona hilo ni haki.

Jumatatu moja asubuhi telefone mbili zililia kwa pamoja ndani ya kibanda. Dirisha walikuwa wamechagua watu wanne kufanya mtihani, na wawili kati yao walikuwa wa Masisi. Kazi ya mtihani ilikuwa ukurasa mmoja wa watengeneza jibini wa milimani, ili mnunuzi ajue jibini iko wapi, ni ya lini, na nani wa kumpigia. Muda ni siku tano.

Mama Kahambu aliacha mizani akapiga vigelegele. "Mungu iko mukubwa! Bote babili! Kasika na Natacha!"

Hilo neno, bote babili, lilimchoma Kasika kuliko pilipili ya Walikale. Miaka sita ya kusoma, diploma, vyeti, na leo anatajwa kwa pumzi moja na mchunga ng'ombe aliyejifunza kwa kusimama nyuma ya kiti chake! Alijifanya kucheka. Mchana hakula.

Saa tisa alasiri Natacha akaja kwa saa zake mbili, ameshika kidaftari ambamo alikuwa amechora ukurasa wake kwa kalamu.

Kasika alikuwa ameifunika mashini kwa kitenge. "Mashini imekufa," akasema.

"Imekufa namna gani?"

"Ndani. Disque imeungua. Haitawaka tena hii wiki."

Natacha alitazama kile kitenge, akamtazama yeye. Kisha akasema maneno ambayo Kasika angependa asingeyasikia. "Pole sana, kaka. Na mutihani yako, weye utaifanya na nini? Nikimaliza yangu nitakuazima telefone."

"Nitaona," Kasika akasema.

"Basi miye nitakaa hapa inje na telefone. Kama haina shida, uniachie prizi tu." Akachomeka waya wake mrefu kwenye lile tundu la umeme la dirishani, akatoka, akaketi kwenye benchi chini ya paa.

Alikaa pale siku tano. Asubuhi maziwa, kisha benchi, hadi jua linapoinama. Kioo kilikuwa kimepasuka kiasi kwamba alilazimika kuisogeza kila herufi upande mmoja ili aione. Alipomaliza kipande aliita mama yeyote aliyepita sokoni, akampa telefone na kumwambia, "Mama, tafuta fromaji ya Karuba," kisha akatazama kidole cha yule mama kinakwenda wapi. Kikipotea, alibadilisha. Wauza nyanya, wauza ndizi, mwendesha pikipiki mmoja aliyelewa kidogo, wote walitafuta jibini ya Karuba kwenye ule ukurasa. Kasika alisikia vicheko vyao kutoka ndani.

Yeye alifanya kazi nyuma ya pazia, mashini ikiwaka vizuri kabisa. Na ukurasa wake ulikuwa mzuri, tusimnyime. Mlangoni mwa ukurasa alitundika kila alichojua. Kulikuwa na video ya ng'ombe aliyoichukua Mushaki kabla ya vita, picha sita zinazopokezana, jibini inayozunguka yenyewe, na muziki. Siku ya pili mkuu wa mtaa alileta orodha ya wakimbizi ichapwe, kurasa kumi na moja, na Kasika akaichapa upesi amwondoe. Siku ya tano alimwonyesha mama yake.

Mama Kahambu aliduwaa. "Iko muzuri kama cinéma." Akangoja kidogo. "Na ile fromaji inauzwa wapi?"

"Unashuka chini, Mama. Chini kabisa."

Wakatuma wote wawili, yeye kutoka kwenye mashini iliyokufa, Natacha kutoka benchini.

Wivu ni kidonda, wasema wenyewe, ukiushiriki utakonda, na Kasika alikonda wiki ile. Kila telefone ya mteja ilipolia alishtuka. Alimwomba Mungu apate kazi, na bila haya akaongeza kwamba kama hapati, basi na Natacha asipate. Alikwenda kuungama Ijumaa. Padri aliambiwa habari za hasira na uvivu. Habari ya mashini haikutajwa.

Jumamosi ya soko, mchana, simu ikaja kutoka namba ya Goma. Mama Kahambu alikuwa anapima maharagwe hatua mbili kutoka pale.

"Ingénieur Kasika? Miye naitwa Straton, wa Dirisha. Uko fasi ya kusemea?"

"Ndiyo, Papa."

"Sikia. Tulifungua ukurasa yako hapa ofisini, ku mashini, iko kitu ya ajabu. Kiisha tukaifungua ku telefone, na rezo ya barabarani, vile mununuzi ataifungua. Ikabakia nyeupe. Tukangoja, nyeupe. Miye nilitoka nikaenda kutafuta chai, nikarudia, ingali nyeupe."

Kasika aliibana telefone sikioni, mama yake asisikie.

"Ukurasa ya pili ya Masisi, ya uyu Natacha, nilibonyeza, ikakuwa imefunguka. Fromaji ya wapi, ya siku gani, namba ya simu, yote mbele ya macho. Lakini iko na jambo moja inatusumbua. Uyu mutoto hana diploma. Alituandikia hana mashini. Ukurasa ya vile haifanywe ku telefone, hapa ofisini hakuna muntu anaamini. Nikachukua barua yake, nikaona chini: Imechapwa kwa Ingénieur Kasika. Na ndani aliandika weye njo ulimufundisha. Basi tukaelewa." Straton alicheka kwa upole. "Ulituma kurasa mbili na majina mbili, ili upate bahati mbili. Tunajua shida ya kazi, hatukukasirikie. Niambie ukweli tu. Kama ile ukurasa iko yako, tunakukamata weye ku kazi, na tutafunga mambo leo."

Pasaka ilikuwa siku nane mbele.

Fikiria mwenyewe. Neno lilikuwa moja tu, na lilikuwa fupi. Nani angelipinga? Msichana aliyefika na ng'ombe mmoja, wa huko Kirolirwe, asiye na karatasi hata ya shule? Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na katika miaka ile ya vita kamba ya wageni ilikuwa fupi sana. Watu walimtazama mtu, wakasikiliza anavyotamka maneno, wakaamua ni wa upande gani. Kasika asingehitaji hata kumsema vibaya. Angesema ndiyo, na Masisi yote ingeamini, kwa kuwa ndivyo Masisi ilivyotarajia. Papa Albert angeambiwa. Jina la Ingénieur lingebaki lake.

"Ingénieur? Uko unasikia?"

"Nasikia, Papa."

"Basi nielezee kitu moja, niandike mu rapport. Juu ya nini haukutia picha mbele? Ukurasa yako ya kwanza ilijaa picha, ya pili hakuna."

Kasika alilijua jibu. Alilijua neno kwa neno. Mgeni akifika unampa maziwa kwanza, habari zinafuata. Lilikuwa limefika kwenye ulimi, na alijua Straton angelipenda, angeliandika, angelirudia mbele ya wenzake. Na hapo ule wivu wake, ambao wiki nzima ulikuwa unamtumikisha, ukamgeukia. Mtu mwenye wivu anataka kushinda. Kuajiriwa kwa ukurasa wa Natacha kungekuwa kushindwa naye upya kila mwezi mshahara unapoingia, na kila kazi mpya wangemwambia aifanye kama ile ya jibini. Hakuweza kulivumilia. Nisingependa kumpamba nikasema alitubu. Alikasirika tu, akaikataa zawadi.

"Haiko yangu," akasema.

"Iko ya nani?"

"Yake. Aliifanya ku telefone, siku tano, hapo inje ku benchi."

"Ingénieur, ulikuwa na mashini. Alikuwa mwanafunzi wako. Juu ya nini afanyie ku telefone?"

Mama Kahambu alikuwa ameacha kupima. Kopo la maharagwe lilisimama hewani.

"Nilimwambia mashini imekufa," Kasika akasema. "Haikukufa. Nilimunyima."

"Juu ya nini?"

"Juu ya wivu, Papa."

Straton akakohoa.

"Bon. Sijapata attestation ya kushuhudia muntu ya vile tangu nizaliwe. Mwambie aache telefone yake wazi kesho, saa ine ya asubuhi." Akaongeza, "Yako ilikuwa muzuri, kaka. Ilikataa kufunguka tu."

Simu ikakatwa. Kasika aligeuka. Mama yake alikuwa anamtazama kama mtu anayetafuta mtoto wake katika kundi la watoto wa wengine.

"Uliambia ule mutoto mashini imekufa?"

"Ndiyo, Mama."

"Siku tano anakaa hapo, miye namupatia chai, naambia bantu mashini ya Ingénieur imekufa, bamuombee?"

Mama Kahambu alimimina yale maharagwe ndani ya gunia, akafunga gunia, akaenda kuhudumia mteja ambaye hakuwepo. Kumbe kuna adhabu zisizo na kelele.

Alitamani kumtumia Natacha ujumbe mfupi tu. Lakini telefone ya Natacha ilikuwa imezimika kule Kingi kusiko na moto, kwa hiyo ilibidi aende kwa miguu. Njiani aliendelea kuwa na wivu. Nilisema sitampamba. Kila kilima alichopanda alifikiria mshahara wa kila mwezi wa msichana yule, na simu ya saa nne, na jinsi atakavyoitwa jina jipya pale sokoni. Alifikiria pia chupa za mafuta ya ngazi.

Alimkuta nyuma ya nyumba akiosha bidoni. Libérata alimletea mgeni kigoda akaondoka kwa adabu.

"Dirisha balinipigia," Kasika akasema akiwa bado amesimama. "Balidhani ukurasa yako niliifanya miye. Nikabaambia apana. Kesho saa ine batakupigia weye. Kuja mapema uijaze telefone."

Natacha aliweka bidoni chini. Akafuta mikono kwa kitenge. "Balinikamata ku kazi?"

"Nazani."

Alifunga macho, midomo ikasema kitu kwa Kinyarwanda, labda sala. Kasika alingoja amalize. Lililobaki lilikuwa gumu zaidi, na alilisema haraka akitazama ng'ombe.

"Mashini haikukufa. Nilikudanganya. Nilibaambia na ile pia."

"Nilijua."

"Ulijua lini?"

"Siku ya pili. Mukubwa wa kartie alitoka na makaratasi yake, yangali na moto. Nilikuwa hapo ku benchi, nilisikia imprimante, ukurasa kwa ukurasa. Imprimante haichape bila mashini."

Hakulisema kwa hasira. Hilo ndilo lililomshinda Kasika. Angepigiwa kelele angejua la kufanya, maana kelele alizizoea.

"Siku ya pili," akarudia. "Na ukabakia tu? Kila asubuhi unanisalimia, kaka, kaka, unanipa pole? Juu ya nini haukuniambia?"

Natacha alimtazama moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu afike Masisi.

"Ningesema, ungenifungia hata prizi. Ile mutihani ningeifanya na nini?"